Mstari Uliomkimbia Baba

Kazi yangu ni kuandika programu za simu, na mwaka ule nilikuwa nimezama katika kitu kimoja ambacho watu hukitumia bila kukitazama mara mbili: maandishi yanayotembea. Ukifungua programu ya tiketi za basi ukaona tangazo linapita juu ya kioo, neno likifuata neno, ujue kuna mtu alikaa akahesabu mwendo wake. Wengi huchukua vipande vilivyotengenezwa na wenzao wakabandika. Mimi nilitengeneza changu tangu mwanzo, maana vya watu vina tabia za watu, na mimi na tabia za watu hatuelewani sana. Nilikiita utepe. Ofisi iliyonipa kazi ilikuwa Dar es Salaam, nami nilifanyia kazi Tabora, nyumbani kwa baba, katika chumba cha uani ambamo marehemu mama alikuwa akiweka magunia ya mchele.

Baba alikuwa fundi saa. Kwa miaka mingi alikaa kwenye meza yake karibu na soko, amebana kilenzi kwenye jicho la kulia, akifungua saa za walimu, za makondakta wa treni, za wazee waliokuja zaidi kwa mazungumzo kuliko kwa saa. Kisha akapata presha ya macho. Jicho la kushoto lilikufa kabla hajamwambia mtu. La kulia likabaki na uwazi mdogo katikati, na pembeni kote giza.

"Naona kama ninavyoona ndani ya saa," aliniambia. "Ila saa yenyewe siioni."

Daktari alimpa matone ya kutia asubuhi na jioni, akasema kilichopotea hakirudi, kinachotafutwa ni kulinda kilichobaki. Baba aliitikia kwa heshima zote. Tulipotoka nje akasema daktari yule ni mtoto mdogo sana, hata ndevu zake bado zinatafuta njia.

Daftari lilikuja miezi michache baadaye, kwa treni kutoka Kigoma, limefungwa kwenye kanga. Lilikuwa la babu, aliyefanya biashara ya asali na nta katika njia ile ile waliyopita wapagazi wa baba yake, ila yeye alipita kwa reli. Alipofariki lilikwenda kwa kaka yake baba, wa mama mwingine, aliyeishi Ujiji. Baba aliliomba kwa miaka na miaka. Jibu lilikuwa moja: hayo yameshakwisha, usifukue. Mpaka kaka mtu mwenyewe alipofukiwa, ndipo wanawe wakalituma.

Baba alitaka kujua jambo moja tu humo ndani. Mama yake amezikwa wapi. Alifariki baba akiwa na miaka mitano hivi, na hakufia mjini. Baba alikumbuka amebebwa mpaka stesheni, mama yake amejifunika shuka na anakohoa, halafu treni, halafu nyumba imejaa watu wanaolia. Alipouliza mama yuko wapi, shangazi yake alimfinya paja. Akauliza tena alipobaleghe, babu akaondoka mezani na chakula chake hakijaisha. Hakuuliza tena. Lakini alijua babu aliandika, kwa sababu babu aliandika kila kitu, hata mbuzi aliyekufa.

Daftari liliandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa mji wetu wakati huo. Wino umekuwa wa kahawia, mistari inateremka kushoto, na nukta babu alizitia pale alipojisikia. Mimi nilisoma madrasa kama kila mtoto wa mtaa wetu, herufi za chapa nazijua, lakini mwandiko ule uliniangalia nami nikauangalia, basi. Nilimwambia baba tumpelekee shekhe mmoja wa mtaani ambaye anasoma hati za zamani. Sikuwahi kumwona amekasirika vile.

"Humo mna watu wa kununuliwa," alisema. "Na wajukuu wao tunaswali nao safu moja. Unataka kesho nikutane nao vipi? Daftari hili halisomwi na mtu wa kando. Nitalisoma mwenyewe."

"Na bibi alikuwa mmoja wao?"

"Nimesema nitalisoma mwenyewe."

Akakaa nalo dirishani, kilenzi jichoni, siku tatu mfululizo. Siku ya tatu aliniita kwa sauti ambayo nilidhani ameanguka. Nilimkuta ameweka kidole kwenye ukurasa.

"Nimeliona neno lake: mama wa mtoto mdogo. Hapa. Nimelisoma kabisa. Nikasogea mbele, mstari ukanikimbia."

Ndiyo hali ya uwazi ule mdogo. Aliweza kuona neno moja, lakini kulipata linalofuata ilibidi asogeze jicho, na akisogeza jicho anaangukia mstari wa juu au wa chini, au pembezoni patupu. Alijaribu mpaka machozi yakamtoka. Nilitia uzi kwenye ukurasa ule, nikaupiga picha kwa simu, nikaukuza. Haikusaidia; sasa neno moja lilijaza kioo na yeye hakujua linatoka wapi linakwenda wapi.

Wazo lilinijia pale pale, na bado naona lilikuwa zuri. Kama jicho haliwezi kuufuata mstari, basi mstari na ulifuate jicho. Nitaukata ukurasa mstari kwa mstari, niiunge mistari yote iwe utepe mmoja mrefu, niupitishe taratibu mbele ya ule uwazi wake. Yeye atulie tu. Mama yake atakuja mwenyewe, neno kwa neno. Nilimweleza, akanisikiliza, akacheka mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akasema kumbe ile ada ya chuo ya binti yake haikwenda bure.

"Ila hiyo ya mama usiniwekee mpaka mashine iwe tayari," akaongeza. "Sitaki kumsoma mama kwa kukwamakwama."

Kwa majaribio, basi, nilihitaji maandishi mengine ya Kiarabu. Nikatia ile sura tunayowasomea wafu, kwa sababu tu ilikuwa tayari kwenye simu yangu. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nasema hivi kwa sababu nimejiuliza mara nyingi na jibu halibadiliki: sikufikiri.

Siku ya kwanza maneno yalitembea kwenda kushoto, kama nilivyozoea kuwatengenezea wa Dar es Salaam, na sura ikawa inakuja mkia mbele.

"Mwanangu, unanirudisha nyuma," alisema.

Msomaji wa herufi zile anaanzia kulia, kwa hiyo utepe lazima uingie kwa kushoto na utembee kwenda kulia. Nilidhani nitageuza alama moja. Nikavunja nusu ya kazi nzima. Ilipokwenda upande unaotakiwa, akasema inaruka.

"Inaruka vipi?"

"Inakwenda, inasita, inakwenda. Saa ikifanya hivi simrudishii mwenyewe."

Nikakaa na kurukaruka kule wiki mbili. Baba alikuwa mkaguzi mbaya kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Aliuona mtikisiko mdogo ambao mimi mwenye macho mawili sikuuona, na kila aliposema "inaruka" nilirudi chumbani nikitukana simu, umeme na kampuni iliyotengeneza kioo. Nilimwekea pia namna ya kuamrisha kwa kidole gumba: akibonyeza na kushikilia, utepe unasimama, akiburuta, maneno yanarudi, akiachia, unaanza tena polepole, usimshtue. Kidole kile kilizoea skrubu ndogo kama punje ya ulezi, kikaizoea simu siku hiyo hiyo.

Ramadhani ikaingia, na malalamiko yakaisha. Kila siku baada ya alasiri nilimpa simu, akabonyeza, akaachia, akasoma sura mwanzo mpaka mwisho bila kukwama hata mara moja. Nikaongeza mwendo, akasoma. Nikapunguza, akasoma. Macho yangu mimi yalikuwa kwenye kompyuta, nikitazama namba za mwendo zikinyooka, na masikio yakisikia sauti yake haitetereki. Nikajisifu. Nilikwisha kuupenda ule utepe kwa namna ambayo naona aibu kuieleza. Ningeweza kumwekea ukurasa wa bibi wiki ile ile. Badala yake nikasema ngoja ninyooshe hiki, ngoja nirekebishe kile, ukingo wa maneno uingie kwa kufifia badala ya kukatika. Kwa mtu mwenye uwazi wa tundu la sindano, mimi nilikuwa nahangaikia kingo.

Katika siku hizo nilimkumbusha matone.

"Mchana yananifika kooni. Uchungu wake nausikia," alisema.

"Baba, mashekhe wamesema hayafunguzi."

"Shekhe hana koo langu. Nitatia nikifuturu."

Nikasema haya. Akifuturu mimi nilikuwa nimeshamaliza uji wangu na kurudi kwenye kompyuta.

Tulimsoma bibi siku ya tatu ya Idi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, simu ina chaji kidogo, lakini ukurasa ulikuwa mistari kumi na mmoja tu na mimi nilikuwa nimechoka kungoja. Baba alioga, akavaa kanzu ya sikukuu, akakaa kwenye kiti chake ukumbini. Nilimpa simu mkononi, nikachukua karatasi na kalamu. Akapiga bismillahi. Niliuona mwandiko wa babu unaingia kwa kushoto, mtulivu kabisa, kila neno kubwa kama kidole, na nilifurahi kupita kiasi.

Alianza polepole. Leo Ijumaa. Nimepata habari. Mama wa mwanangu mdogo ametutoka kwa maradhi ya kifua. Niliandika nimeinama, mkono unafukuzana na sauti. Akabonyeza kwa kidole gumba.

"Nimesimamisha," alisema. "Hapa ndipo penyewe. Acha nimsome taratibu."

Nikainua kichwa kumtazama. Simu ilikuwa imezima. Chaji ilikwisha, sijui tangu neno la ngapi, na kioo kilikuwa cheusi tii mbele ya uso wake. Kidole gumba kimeshikilia pale nilipomfundisha.

"Tumemzika Kigwa," alisoma baba. "Kaskazini ya reli, karibu na kisima. Mungu amrehemu. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika Kigwa vizuri."

Niliandika Kigwa vizuri. Kisha nilipitisha mkono mbele ya macho yake, karibu kabisa, mara mbili. Hakupepesa. Akanirudishia simu ile nyeusi, ameishika kwa mikono miwili, akasema, "Mashine yako nzuri sana, mwanangu. Haikuruka hata kidogo."

Nilikwenda uani nikakaa juu ya ndoo. Nilikuwa na hasira, sitaki kusema uongo kwamba ilikuwa huruma. Nilimkasirikia yeye kwa kunidanganya mwezi mzima, nikajikasirikia mimi zaidi. Ile sura anaijua kwa moyo! Wazee wote wa umri wake wanaijua. Wameisomea wafu wa mji huu miaka sitini, hata ukiwaamsha usingizini wataimaliza. Mimi nilimpa mtu anayepofuka mtihani ambao majibu yake aliyahifadhi akiwa mtoto, kisha nikaona hakukosea hata moja, nikapiga makofi. Aliacha kusema "inaruka" siku alipoacha kuona kinachoruka. Jioni nilifungua droo ya meza yake ya saa, nikakuta chupa ya matone niliyomletea kabla ya mfungo. Haijafunguliwa. Sijui kama ndiyo iliyommaliza, au macho yalikuwa yanakwenda tu. Daktari naye alisema hawezi kujua.

Sikumwambia kuhusu simu. Nilijipanga kumwambia kesho yake, na kesho yake nikamkuta nje na jirani, anamsimulia kwamba binti yake amemtengenezea macho, na kwamba Alhamisi anakwenda kumzuru mama yake Kigwa. Uso wake ulikuwa umelegea, ule mkunjo wa katikati ya nyusi haupo. Nikasema, shikamoo. Jirani akaitikia marahaba, akanipa hongera, nikazipokea.

Kigwa tulikwenda Alhamisi kwa gari la asubuhi. Kijiji gani cha reli kitakosa kisima? Watu walituonyesha kimoja cha zamani, kaskazini ya reli kama alivyosema, na nyuma yake uwanda wa majani na vichuguu.

"Pana makaburi?" aliniuliza.

"Pana mahali pameinuka kidogo."

"Basi ndipo."

Alivua viatu, akainua mikono, akasoma sura yote kwa moyo, wazi, bila simu wala kujifanya. Nilisimama pembeni kama wanawake tusimamavyo. Alipomaliza alilia kama mtoto, kisha akaomba maji. Ndani ya gari akaniambia mama yake alikuwa akipenda kumbeba mgongoni hata alipokuwa mkubwa, na watu wakamcheka. Hakuwahi kuniambia lolote juu yake kabla ya siku hiyo.

Niliporudi nilifanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Nilitoa kitabu changu cha madrasa, nikaweka ukurasa wa bibi kwenye utepe, nikapunguza mwendo kabisa, nikajifunza mwandiko wa babu herufi kwa herufi. Ilinichukua miezi minne, nikiiba saa za kazi za watu. Nukta aliyoiruka hapa unaikuta pale. Mkia wa herufi hii anaukunja hivi. Utepe ulifanya kazi vizuri ajabu. Ukibonyeza unasimama, ukiachia unaendelea bila kukushtua. Kama mwezi ule nilioutumia kunyoosha kingo ningeutumia kujifunza kusoma, ningemsomea habari za mama yake angali anauona uso wangu.

Ukurasa ulisema hivi. Mama wa mtoto mdogo amefariki Usoke, kwa watu wake, na wao wamemzika huko, nyuma ya ghala la stesheni. Sikwenda. Mtoto amelia siku tatu akimuuliza. Nimekataza asiambiwe, asije akawafuata.

Usoke iko magharibi, Kigwa mashariki. Baba alikisia, akachagua upande usio wenyewe. Habari za kisima sijui alizitoa wapi.

Nilikwenda kwake na karatasi mfukoni. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, saa ya ukutani imefunguliwa mapajani, anaisafisha kwa kupapasa. Kabla sijasema kitu akaniambia, "Tangu Kigwa nalala, mwanangu. Nilikuwa silali." Kumwambia Usoke ningeweza. Lakini angeniuliza nini kingine kimeandikwa, nami sina moyo wa kumsomea mzee kwamba alilia siku tatu na baba yake akasikia. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Usoke nilikwenda peke yangu, Jumanne. Wanawake hatuendi makaburini, nilikwenda. Nyuma ya stesheni sikuliona ghala, na makaburi sikuyaona. Palikuwa na banda la kukaushia tumbaku, na mama mmoja anaanika majani. Aliniuliza natafuta nini, nikamwambia nimesimama tu kupumzika. Akanipa kigoda. Nilitaka kumsomea bibi, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sura ile mimi siijui kwa moyo. Sikuihifadhi. Nikatoa simu, nikafungua utepe, maneno yakaingia kwa kushoto, nikasoma mpaka mwisho kwa sauti ya chini, yule mama akaacha kuanika akanisubiri nimalize.

Nilifika nyumbani baada ya alasiri. Baba alinisikia mlangoni.

"Ulikuwa wapi leo?"

"Usoke, baba. Kuna kazi ya mtu."

"Usoke," alisema, akageukia tena saa yake. "Hawajambo wa huko?"

"Hawajambo."